KUNYOSHA WANO LA MSHALE

Mtu akiona uta na mshale, aghalabu macho yake huutazama uta kwanza. Uta ni mkubwa, una nguvu, na kuuvuta kwataka kifua na mikono. Mshale hudhaniwa kuwa kijiti tu kilichotiwa ncha. Lakini wajuzi wa kazi hii hawaoni hivyo. Mpigaji hodari huweza kuuzoea uta dhaifu akapata shabaha, ila hakuna awezaye kuizoea mishale iliyopinda, kwa maana kila mmoja hushika njia yake.

Ile sehemu ndefu ya mshale iliyo kati ya kigumba na mwisho wenye manyoya, kwa Kiswahili huitwa wano. Somo hili laeleza jinsi wano la mti linavyonyoshwa, tangu siku ufito unapokatwa porini hata siku mshale unapotiwa katika podo. Mambo mengi yatatajwa, lakini lililo kuu ni moja: wano halinyoshwi kwa nguvu za mikono, hunyoshwa kwa joto na kwa kungoja. Fundi asiyekubali kungoja hupata moja katika mawili: ama mpindo humrudia siku ya pili, ama wano humvunjikia. Na wano lililopata ufa bila ya kujulikana ni hatari kwa mwili wa mpigaji, kama itakavyoelezwa mbele.

SABABU YA MTI KUPINDA

Ufito hukua ukitafuta mwanga. Ukizibwa na tawi la jirani, hugeuka na kushika njia nyingine. Mahali palipotoka kitawi hubaki kifundo, na nyuzi za mti hukizunguka kifundo hicho badala ya kwenda moja kwa moja. Hata ufito ulionyoka vizuri ukiwa umesimama huweza kupinda baada ya kukatwa, kwa sababu maji yaliyomo ndani hayatoki sawasawa. Upande uliopigwa na jua hukauka mbele, hunywea, na kuuvuta upande wa pili.

Mti umejengwa kwa nyuzi nyingi nyembamba zilizolala kwa urefu, nazo zimeshikamanishwa na kitu mfano wa gundi ambacho wataalamu hukiita lignini. Joto likiingia, gundi hiyo hulainika na nyuzi huweza kusogea kidogo. Joto likitoka, gundi hukaza tena na kuzishika nyuzi mahali zilipo wakati ule. Hiyo ndiyo siri yote ya kazi hii. Mti mbichi hulainika kwa joto dogo kuliko mti mkavu, kwa kuwa maji yaliyomo husaidia. Lakini joto lina mpaka. Likipita kiasi cha digrii 200 za Sentigredi, mti huanza kuharibika. Hugeuka rangi, kisha huwa makaa. Basi fundi hufanya kazi baina ya mipaka miwili: joto likipungua mti haukubali kugeuka, likizidi mti hufa.

Tena iko tabia nyingine ya mti ipasayo kukumbukwa. Mti uliopashwa moto hukubali kubanwa kuliko kuvutwa. Wano linaponyoshwa, upande wa nje wa mpindo hubanwa, na upande wa ndani huvutwa. Kwa hiyo nyufa huanzia upande wa ndani, nako ndiko fundi anakopaswa kutazama kila mara.

JINSI MSHALE UNAVYOUPITA UTA

Watu wengine huuliza kwa nini mpindo mdogo, usiofikia hata unene wa ukucha, uwe na madhara makubwa. Jibu lapatikana katika mwendo wa mshale wenyewe. Upote unapoachiwa, huusukuma mshale kwa ghafula kutoka nyuma. Lakini mbele ya mshale uta umesimama njiani. Basi wano hujipinda kidogo, hupita ubavuni mwa uta, kisha hujipinda upande wa pili, na kuendelea kutikisika hivyo angani mpaka utulivu umepatikana. Jicho la mtu haliwezi kuyaona hayo kwa upesi wake, lakini picha zilizopigwa kwa kamera za kasi zimeyaonyesha wazi.

Wano lililonyoka hutikisika kwa namna moja kila mara, na kwa hiyo mpigaji huweza kujua litakakokwenda. Wano lenye mpindo limekwisha kujipinda kabla ya kusukumwa. Likipachikwa katika upote huku mpindo ukielekea kushoto, litakwenda njia moja. Likipachikwa mpindo ukielekea juu, litakwenda njia nyingine. Kwa hatua tano huenda kosa hilo lisionekane. Kwa hatua thelathini mpigaji hukosa shabaha yake, akalaumu mkono wake au macho yake, hali kosa li ndani ya podo.

KUCHAGUA NA KUKATA UFITO

Kazi ya kunyosha huanza porini. Fundi aliyechagua vibaya hujiongezea taabu ya siku nyingi. Katika Afrika ya Mashariki miti ya jamii ya mkole hupendwa, kwa kuwa hutoa fito ndefu zenye kupindika bila ya kuvunjika upesi. Kwa ajili hiyo hutumiwa pia kwa nyuta na bakora. Mwenye kutafuta huchagua machipukizi yaliyoota katikati ya kichaka, ambayo yamelazimika kwenda juu moja kwa moja kuufuata mwanga, wala si yale ya pembeni yaliyoinama nje.

Uchaguzi huu ni wa zamani sana. Mwaka 1991 wapandaji wa milima waliuona mwili wa mtu katika barafu ya milima ya Alps, karibu na mpaka wa Austria na Italia. Wataalamu walipouchunguza walitambua kwamba mtu huyo, ambaye sasa hujulikana kwa jina la Ötzi, alikufa yapata miaka 5,300 iliyopita. Alikuwa na podo lenye mawano 14. Mawili tu yalikuwa yamemalizika kwa kutiwa vigumba vya mawe na manyoya. 12 yalikuwa bado kazini. Yalikuwa ya machipukizi ya kichaka kiitwacho viburnamu, kila moja likiwa na urefu wa sentimita 84 hadi 87. Yaani mtu huyo alisafiri milimani akichukua mzigo wa kazi isiyokwisha, kama fundi wa leo aachavyo fito zake zikauke.

Ufito ufaao huwa na unene wa kidole kidogo cha mkono, mnene kidogo kuliko mshale unaotakiwa, kwa sababu utapungua ukikauka na utapungua tena ukikwanguliwa. Urefu wake huzidi urefu wa mshale kwa kadiri ya shibiri moja, ili ncha zikipasuka ziweze kukatwa. Wakati mwema wa kukata ni msimu wa kiangazi, utomvu unapokuwa umepungua. Aidha, mtu mwenye busara hukata fito nyingi kuliko haja yake. Akitaka mishale sita, na akate fito kumi na mbili au zaidi, maana nyingine zitapasuka, nyingine zitakataa kunyoka, na nyingine zitakuwa nyepesi mno.

KUKAUSHA

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Neno hilo ni kweli kwa fito kama lilivyo kweli kwa samaki na kwa watoto. Ufito mbichi hutii mkono bila ya moto, na mipindo mingi mikubwa huweza kuondolewa wakati huo kwa kuupinda taratibu kati ya vidole.

Fito zilizokatwa hufungwa pamoja kwa kamba katika mganda mmoja, kwa nguvu, ili kila moja imzuie mwenziwe asipinde. Ncha zake hupakwa nta au mafuta, kwa maana maji hutoka upesi sana kwenye ncha, na hapo ndipo nyufa za kwanza huonekana. Mganda huwekwa kivulini penye hewa, mbali na jua na mbali na moshi mkali wa jikoni. Gome huachwa siku za kwanza ili maji yasitoke kwa haraka. Kisha hubambuliwa, na fito hufungwa tena. Kila baada ya siku chache fundi huufungua mganda, hunyosha kwa mikono zile zilizoanza kukaidi, na kuufunga upya.

Kazi hii huchukua majuma kadhaa, mengi zaidi katika nchi ya unyevu. Alama ya kukauka husikika: fito mbili kavu zikigonganishwa hulia kwa sauti ya juu, na fito mbichi hutoa sauti nzito isiyo na mlio. Mwenye mizani huweza kupima kwa hakika zaidi, kwani ufito uliokauka hauzidi kupungua uzito kutoka juma hili mpaka juma lijalo.

KUUTAMBUA MPINDO

Kabla ya kuwasha moto hapana budi kujua mpindo uko wapi. Ziko njia tatu. Ya kwanza ni kulishika wano kwa ncha moja, kulielekeza kwenye mwanga, na kulitazama kwa jicho moja kama mtu achunguliaye ndani ya bomba, huku likizungushwa polepole. Ya pili ni kulibingirisha juu ya ubao ulio sawa. Penye mpindo, mwanga utapita chini yake. Ya tatu ni kuliweka juu ya kucha za vidole viwili vya mkono wa kushoto na kulizungusha upesi kwa mkono wa kulia. Wano lililonyoka huzunguka kwa utulivu. Lililopinda hurukaruka na kutetemesha kucha.

Mahali pa mpindo hutiwa alama ya mkaa upande wa nje, yaani ule uliotokeza kama nundu. Fundi asiyetia alama hupoteza mahali pake mara tu wano linapoingia motoni, akapinda pale palipokuwa pamenyoka.

Mafundi wengi huanza na mpindo mkubwa. Ukiondoka huo, midogo huonekana wazi, na mingine hutoweka pamoja nao. Anayeanza na midogo hulazimika kuirudia yote baadaye.

MOTO NA MKONO

Moto ufaao ni wa makaa mekundu ya mti mgumu, usio na ndimi. Ulimi wa moto huunguza ngozi ya wano kabla joto halijafika ndani. Mahali penye alama hupakwa mafuta kidogo, ya mnyama au ya mimea, ili yasaidie joto kuenea na kuzuia kuungua. Wano hushikwa juu ya makaa kwa umbali wa upana wa kiganja, nalo huzungushwa na kusogezwa mbele na nyuma bila ya kusimama. Urefu unaopashwa ni ule wa mpindo tu na kidogo kila upande.

Wano likiwa tayari, kidole hakiwezi kustahimili kuligusa, ila rangi yake haijageuka. Ndipo hutolewa motoni. Fundi huliweka dole gumba moja kila upande wa alama, juu ya nundu, huku akilinda vidole kwa kipande cha ngozi au kitambaa. Vidole vingine huzivuta ncha. Husukuma polepole, wala hatikisi. Huupitisha mpindo mahali pa unyofu kidogo, kuelekea upande wa pili, kwa sababu mti utarudi nyuma kadiri fulani ukiachwa.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea. Wakiona wano limenyoka mikononi mwao, hufurahi na kuliachia. Lakini gundi ya mti ingali laini, na nyuzi hurudi zilikokuwa. Wano lazima lishikwe hivyo hivyo mpaka lipoe kabisa, na joto lisisikike tena kwa mkono. Anayehesabu taratibu kutoka moja hadi sitini kwa kawaida hatakosea. Kisha hulitazama tena kwa jicho. Likisalia kombo, hulirudia. Lakini asilirudie mara nyingi mahali pamoja siku moja, kwa maana kila joto hutoa maji, na mti uliokauka kupita kiasi huvunjika kama biskuti.

Baada ya mipindo yote kuondolewa, wano huachwa usiku mzima. Asubuhi hutazamwa upya. Si ajabu kuona kwamba sehemu ndogo ya mpindo imerudi, kwa kuwa mti umenywa unyevu wa usiku. Haya si makosa ya fundi wala si ubaya wa mti. Hulirudia kwa joto dogo, na tena siku ya tatu ikilazimu. Wano lililokaa siku kadhaa bila ya kugeuka ndilo lililonyoshwa.

Vifundo vyataka hadhari zaidi. Palipo na kifundo nyuzi zimekatika au zimezunguka, na nguvu ya kidole huweza kuvunja hapo hapo. Fundi hukisawazisha kifundo kwa kisu bila ya kukichimba, hukipasha moto mrefu zaidi kwa joto la chini, na kuridhika na unyofu wa jumla. Katika wano la chipukizi si lazima kila inchi inyoke kama mstari wa rula. Ikiwa ncha mbili na sehemu ya katikati zaelekea njia moja, vijimawimbi vidogo kwenye vifundo havidhuru sana.

MBINU ZA WATU MBALIMBALI

Jambo lililo sawa kwa mataifa yote ni joto. Chombo cha kupindia ndicho hubadilika. Wahadzabe, wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi katika kaskazini ya Tanzania, hutumia meno. Mwanamume hulipasha wano moto, huliuma mahali penye mpindo, na kuzivuta ncha kwa mikono miwili. Kwa njia hiyo meno ndiyo dole gumba, na macho yapo karibu kabisa na kazi. Mkono wa kila mwanamume huko umezoea kazi hii, kwa kuwa mishale hutengenezwa na kurekebishwa karibu kila siku kambini, na vigumba vya chuma hufuliwa kwa misumari. Hata hivyo njia ya meno haimfai mwanafunzi, kwani wano likiteleza huweza kuvunja jino.

Wenyeji wa asili wa California, katika Marekani, walikuwa na mishale ya matete. Tete lina vifundo vingi, na kila kifundo huweza kuwa mpindo. Basi walichonga jiwe laini la aina ya sabuni, ambalo hustahimili moto bila ya kupasuka, wakalitia mfereji juu yake. Jiwe liliwekwa motoni, kisha tete likagandamizwa mferejini, kifundo kwa kifundo. Uzuri wake ni kwamba ulimi wa moto haukuligusa tete kamwe. Makabila mengine ya Marekani yalitumia kipande cha mfupa au pembe kilichotobolewa tundu. Wano lilipitishwa tunduni, na mfupa ukatumika kama mpini wa kulipindia.

Mtu wa mjini asiye na vyombo hivyo huweza kutoboa tundu katika kipande cha mbao ngumu, akilainisha kingo zake ili zisichubue, na kupata chombo kile kile. Na mahali pa makaa huweza kutumia mvuke wa birika linalochemka. Mvuke hauunguzi mti, ila wano lililopitishwa mvukeni lazima likaushwe tena kabla ya kutumiwa.

Katika nchi nyingine wapigaji hununua mawano yaliyokwisha kuchongwa kwa mashine kutoka katika mbao, hasa za mti uitwao mwerezi wa Port Orford, uotao katika pwani ya Oregon, Marekani. Haya hupinda kidogo tu, na mara nyingi hunyoshwa bila ya moto. Fundi hukisugua kwa nguvu kile kinundu cha mpindo kwa kitako cha kiganja au kwa ndoana laini ya chuma, mpaka nyuzi za upande huo zibanike na wano linyoke. Lakini mawano ya mbao yana aibu yao: ikiwa nyuzi hazikufuata urefu wa wano bali zimeishia ubavuni, hapo ndipo litakapovunjika. Ya namna hiyo yasinunuliwe.

UGUMU WA WANO

Unyofu peke yake hautoshi. Mishale ya mtu mmoja yapasa pia kuwa na ugumu mmoja na uzito mmoja. Wano laini mno hujipinda kupita kiasi mbele ya uta wenye nguvu. Wano gumu mno halijipindi vya kutosha, nalo husukumwa kando na uta.

Katika Marekani na Uingereza ugumu hupimwa hivi. Wano huwekwa juu ya vishikizo viwili vilivyoachana kwa inchi 26, yaani sentimita 66. Katikati yake hutundikwa uzito wa ratli 2. Kisha hupimwa wano limeinama inchi ngapi, na 26 hugawanywa kwa hesabu hiyo. Wano lililoinama nusu inchi, basi, lafaa uta wa kuvutwa kwa nguvu ya ratli 52. Mtu asiye na kipimo hicho huweza kuyalinganisha mawano yake kwa kuyatundikia jiwe moja, na kuyaweka pamoja yale yaliyoinama sawa.

Ni kwa sababu hii Waata wa nchi ya Tsavo, ambao zamani waliitwa Waliangulu, walihitaji mishale tofauti na ya jirani zao. Nyuta zao, walizozitumia kwa kuwinda ndovu, zilikuwa katika zile zenye nguvu kabisa duniani. Nyingine zilihitaji nguvu ya zaidi ya ratli 100 kuvutwa. Wano jembamba la kupigia ndege lingevunjika vipande mbele ya uta kama huo.

WANO LENYE UFA

Sehemu hii ya somo isipitwe na msomaji yeyote. Wano lenye ufa huonekana zima, na huweza kupigwa mara kadhaa bila ya neno. Siku moja, upote unapoachiwa, hukatika. Nusu ya nyuma husukumwa mbele na nguvu yote ya uta, na ncha yake iliyochongoka kwa kuvunjika huingia katika mkono ulioushika uta. Majeraha ya namna hii ni mabaya, na vibanzi ni vigumu kutolewa.

Ufa hutokana na mambo mawili katika kazi ya kunyosha: kulipinda wano kabla halijapata joto la kutosha, na kuliunguza. Kwa hiyo kila wano lililotoka motoni, na kila mshale kabla ya kupigwa, hujaribiwa. Hushikwa kwa ncha mbili, mbali na uso, hupindwa kidogo kidogo pande zote huku likizungushwa, na sikio husikiliza. Likitoa mlio wa kukatika, au ukucha ukipitishwa juu yake ukakwama, basi limekwisha. Mahali palipogeuka kuwa peusi pahesabiwe kuwa ufa. Vivyo hivyo, mshale uliopiga jiwe au mti mkavu usirudishwe podoni kabla ya kujaribiwa.

Wano bovu livunjwe vipande viwili papo hapo na kutupwa jikoni. Kuliweka pembeni kwa kulihurumia ni kuwatega watoto, ambao siku moja wataliokota na kulipiga.

KUHIFADHI

Wano likinyoka, hukwanguliwa kwa kisu au kusuguliwa kwa msasa, kisha hupakwa mafuta, nta au vanishi ili unyevu usiingie kwa urahisi. Mafundi wengi hutia kigumba upande mnene na manyoya upande mwembamba. Mishale huwekwa wima podoni au hulazwa juu ya mahali palipo sawa. Mshale uliosimamishwa kwa kuegemezwa ukutani majuma mengi hupinda kwa uzito wake. Aliyekausha mawano yake Kitui, akayachukua Mombasa, asishangae kuyakuta yamebadilika, kwa maana hewa ya pwani ina maji mengi kuliko ya bara. Na ayatazame, ayarekebishe.

HALI YA LEO

Mishale imewalisha watu wa Afrika ya Mashariki kwa vizazi vingi, na Wakamba na Waata walisifiwa mbali kwa ustadi wao. Mambo yamegeuka. Baada ya Mbuga ya Tsavo kufunguliwa mwaka 1948, na hasa katika msako wa miaka ya 1956 na 1957, Waata wengi walifungwa gerezani kwa kuwinda ndovu, na kazi ya uta ikaanza kusahauliwa miongoni mwao. Mwaka 1977 uwindaji wa wanyama wa porini ulipigwa marufuku katika Kenya nzima, na sheria iliyopitishwa mwaka 2013 iliweka adhabu kali. Basi anayejifunza kazi hii nchini Kenya na ajifunze kwa ajili ya shabaha ya majani au ya gunia, wala asiende nayo mwituni.

Hata hivyo elimu yenyewe haina hatia. Katika mashindano makubwa ya dunia mishale mingi siku hizi ni ya kaboni au alumini, ambayo hainyoshwi kwa moto. Lakini katika daraja la uta mrefu wa kale mishale ya mti ndiyo inayotakiwa. Na wazee wajuao kulitazama ufito na kutambua mpindo wake kwa jicho wamebaki wachache. Kijana aliye na babu wa namna hiyo angefanya vema kumpelekea fito kumi na mbili zilizokauka na kukaa kando ya makaa pamoja naye, kwani kadiri ya joto ni jambo linalofundishwa na kidole kuliko na karatasi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini fito hufungwa pamoja katika mganda zinapokauka?
2. Ni upande gani wa mpindo ambao nyufa huanzia, na kwa sababu gani?
3. Mwanafunzi amelinyosha wano, akaliachia lingali moto. Asubuhi ataona nini?
4. Wano limeinama robo tatu ya inchi chini ya uzito wa ratli 2. Lafaa uta wa ratli ngapi?
5. Mshale umepiga jiwe ukaanguka. Eleza yapasayo kufanywa kabla ya kuupiga tena.